Jiwe Linalosema Likibanwa

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Kidole,

Nakusalimu kwanza mimi mwenyewe, halafu waliobaki kila mtu kwa zamu yake, maana nikimruka mmoja atanidai. Baba yako anakusalimu. Shangazi yako anakusalimu, na anauliza mbona hujamjibu habari ya yule kijana wa posta. Mdogo wako anakusalimu. Miguu imemrefuka, sketi yake ya shule nimeishusha pindo mara mbili na sasa pindo limekwisha. Fundi Viatu wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, yeye na mkewe na wale mapacha wao wanaopiga kelele. Hata paka wa kijivu nakupa salamu zake, kazaa chini ya cherehani yangu na mimi nashona kama mtu anayevuka dimbwi.

Barua yako tumeipata. Niliposoma mara ya kwanza nilifurahi, niliposoma mara ya pili nikaogopa. Umeandika kwamba huko kiwandani kazi yako ni kubana mawe mpaka yatoe umeme. Umeme wa mawe, mwanangu? Huu wa nguzoni tunauogopa na wenyewe una swichi ya kuuzimia. Huo wa jiwe anauzima nani? Jiwe likiamua kutoa kabla hujajiandaa, itakuwaje? Nilimsomea mke wa Fundi Viatu akashika mdomo, nikajuta kumsomea.

Unavaa viatu vya mpira? Mikono unaikausha kwanza? Wewe tulikuita Kidole kwa sababu hapakuwa na tundu katika nyumba hii hujaliingiza kidole, na mimi sijasahau ile pasi iliyokurusha.

Baba yako hajambo, ila ana kazi nyingi za watu, ndiyo maana haandiki. Nieleze vizuri hiyo kazi, eleza kwa maneno ya nyumbani. Mimi darasa la nne niliishia mlangoni.

Mimi mama yako


Tarehe 19 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo yangu, na Shangazi pia, na umwambie yule wa posta ana meno mazuri lakini hana maneno.

Mama, tulia. Hakuna atakayekufa. Kile kiwashio cha jiko la gesi cha mke wa Fundi Viatu, ukikibonyeza kinasema "ta!" na cheche inaruka, umewahi kujiuliza hiyo cheche inatoka wapi? Hakina betri, hakina waya wa ukutani. Ndani yake mna kijiwe kidogo na kinyundo cha springi. Ukibonyeza, nyundo inakipiga kijiwe, kijiwe kinatoa umeme kidogo sana, unaruka, unakwisha. Mimi kazi yangu ni kujaribu vile vijiwe kimoja kimoja kabla havijafungwa. Kikinirukia kinauma kama kuchomwa na sindano yako, basi.

Kitaalamu huitwa fuwele. Nitakueleza kwa kitambaa, utaelewa kuliko mimi. Ndani ya fuwele vimepangwa vitu vidogo visivyoonekana, mstari kwa mstari, kama nyuzi zilivyofumwa. Vingine vina chaji chanya, vingine hasi, na vimekaa kwa namna vinafutana, kwa hiyo ukiligusa jiwe husikii kitu. Sasa chukua kitambaa ukivute kufuata uzi: hakisogei. Kivute mshazari: kimepinda chote, vile vimraba vyake vimelala upande. Fuwele nayo ndivyo. Ukiibana, mpangilio wake unalala upande kidogo, chaji chanya zinaelemea huku, hasi kule, na ukiweka waya pande mbili umeme unapita. Ukiachia, inarudi kama ilivyokuwa. Si kila jiwe. Lazima ufumaji wake uwe ule usiolingana pande zote. Chumvi ya mezani, kwa mfano, hata uipige nyundo haitoi kitu.

Lakini Mama, haya yote Baba anayajua tangu sijazaliwa! Kile kichwa cha gramafoni yake, kile cheusi chenye sindano, kina fuwele ndani. Sindano inatembea kwenye mfereji wa santuri, inatikisika, inaibana fuwele, fuwele inatoa umeme mdogo, redio inaukuza, na sisi tunacheza sebuleni. Niliposhika kijiwe changu cha kwanza hapa nilisikia kabisa harufu ya karakana yake, risasi ya kulehemu na vumbi la moto.

Mwulize swali langu. Hapa tumebishana: yeye kile kichwa alikuwa anakitunzaje msimu wa mvua? Msimamizi wetu anasema hakiwezi kutunzika. Nimemwambia baba yangu aliweza, na nataka maneno yake mwenyewe.

Bado niko kwenye majaribio, mpaka mwisho wa Julai. Wakiridhika nami wataniajiri.

Mwanao, Kidole


Tarehe 2 Aprili

Kidole wangu,

Sote wazima. Kwa namna ulivyonieleza nimelala vizuri siku ya kwanza tangu uondoke. Nilichukua kipande cha poplini nikakivuta mshazari nikiwa peke yangu, nikasema kumbe.

Umenikumbusha mbali. Unajua mimi na baba yako tulianzia kwenye redio? Mama yangu alinituma na redio bubu, nikamkuta amekaa pale mlangoni na koti la bluu, kalamu sikioni. Akaifungua, akaitazama, akaniambia, "Dada, hii hailii kwa sababu kuna mende kajenga." Nikamwambia mende wetu hawajengi, wana kwao. Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Redio ilikaa kwake majuma mengi. Mama alidhani imevunjika kabisa. Baadaye sana ndipo nikajua aliimaliza siku ileile, ila kila nilipokwenda kuuliza aliifungua tena upya mbele yangu, "bado kidogo, bado kidogo."

Na zile Jumamosi jioni! Anatoa gramafoni mpaka kwenye kibaraza, Shangazi yako anaacha kulalamika, Fundi Viatu anaacha kugonga, na mtaa mzima unakuja na viti vyao. Ulikuwa ukipanda juu ya miguu ya baba yako naye anakuchezesha. Sindano ikiruka watu wote wanasema "aaa!" kama mpira umegonga mwamba. Siku hizi jioni za Jumamosi ni kimya, kila mtu yuko ndani kwake.

Swali lako nimempa. Anasema msimu wa mvua alikuwa anakisuuza kile kichwa kwa maji ya moto kutoa ukungu, halafu anakianika juani. Mwambie msimamizi wako.

Anakusalimu sana.

Mama yako


Tarehe 15 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Fuwele ya gramafoni ya Baba ni chumvi. Si ya mezani, ni aina nyingine, lakini ni chumvi, na ikikutana na maji inayeyuka kama sukari kwenye chai. Ndiyo maana mvua ni adui yake. Baba alikiweka kichwa kile ndani ya kopo lenye mchele mkavu, na Shangazi aliwahi kuupika ule mchele, na ilikuwa mara pekee katika maisha yangu kumsikia Baba akipandisha sauti. Mtu huyo hawezi kusema maji ya moto, hata akiwa usingizini.

Nimerudia barua zako zote tangu Januari. Kila mahali umeandika "Baba anakusalimu." Hakuna hata mstari mmoja wenye utani wake.

Nani alinijibu, Mama?

Kidole


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Nilijibu mimi. Nilifikiri kitu chenye ukungu kinasuuzwa. Nisamehe.

Baba yako alipatwa na kiharusi mwezi wa kwanza, majuma machache baada ya kukusindikiza. Alikuwa analehemu. Nilisikia kiti kikianguka. Mkono wa kulia hauamki, mguu unaburuzika, na sauti imekwenda. Daktari alisema akili inaweza kuwa nzima na inaweza isiwe, tusubiri tuone. Tunasubiri.

Usidhani nilikuficha kwa kukudharau. Ulipoacha masomo kuja kumwuguza Bibi, nafasi yako alipewa mwingine, na baba yako hilo halikumtoka moyoni. Siku ile unapanda gari, tulipokuwa tunarudi nyumbani, aliniambia, "Mama Kidole, safari hii hata paa lituangukie, usimwite." Hayo ni karibu maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri. Ningefanyaje? Kila nilipoanza kukuandikia ukweli, niliiona ile sura yake pale kituoni.

Ninamtunza vizuri. Kila asubuhi namwogesha, namvalisha koti lake la bluu, namweka kwenye kiti chake karakanani katikati ya redio zake, uso kwenye meza ya kazi, nimwache pale alipopapenda. Mimi naenda kushona. Anakaa mpaka jioni. Wakati mwingine midomo inamtembea, lakini kinachotoka ni pumzi tu, hhh, hhh. Namwambia "ndiyo, Baba Kidole," halafu nageuka nisimlilie usoni.

Shangazi yako kaleta mtu, fundi saa, anataka kupanga karakana. Anasema, "Wifi, unamtunzia nani hiki chumba? Mtu mwenyewe ndiyo kama huyo, na dawa zinataka hela." Nimekataa. Amesema ninalinda vumbi. Tumenuniana, tunapakuliana chakula bila kuangaliana. Mimi nasema mpaka mwenyewe aseme. Ila sijui kama mwenyewe bado yumo, Kidole. Hilo ndilo linanimaliza. Namtazama machoni naona kama mtu aliyesimama nyuma ya kile kioo cha ukungu cha dirisha la choo, kivuli kipo lakini sijui ni nani.

Usije. Malizia majaribio yako. Alisema usije.

Mama yako


Tarehe 6 Mei

Mama,

Nilifunga begi. Nilifika mpaka stendi. Nikakaa juu ya begi nikasoma barua yako tena, na kuna mstari ulionirudisha.

Umesema midomo inamtembea na pumzi inatoka. Mama, mtu asiye na neno hahangaiki na midomo. Huenda sauti ipo ila ni ndogo mno, imebaki kooni. Huenda nimekosea. Lakini kabla sijapanda gari kuja kulia mbele yake, nataka tujaribu kitu, na wewe ndiye utakayekifanya. Usiniambie darasa la nne. Unakata suti bila karatasi.

Vijiwe vyangu vya hapa ni vigumu, vinataka nyundo. Ile chumvi ya gramafoni ni laini, mtikisiko wa sauti unaitosha. Kile kichwa cha zamani hakifai tena, nilikiona kabla sijaondoka, ndani kimekuwa uji. Tutaotesha fuwele mpya. Kwenye kifurushi hiki kuna unga mweupe mchachu, ule wanaoutumia waoka keki, na waya mbili. Msimamizi kanipa mwenyewe nilipomweleza, ni mtu wa maneno machache, alisema "mwambie mama asitikise bakuli."

Magadi meupe unayo. Chemsha maji, tia ule unga, halafu magadi kidogo kidogo, litatoka povu. Endelea mpaka povu likatae. Chuja kwa kitambaa safi, mimina kwenye bakuli, weka pahali penye ubaridi, funika kwa kitambaa, USITIKISE. Baada ya siku kadhaa utaona vimeota vijiwe kama vioo. Chagua kimoja kisicho na ufa, kifunge uzi, kining'inize kwenye maji yaleyale kiendelee kukua mpaka kiwe kama kipande cha sabuni ya wageni. Kikaushe kwa kufuta, usikioshe! Bandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara pande mbili zinazotazamana, zisigusane. Kila upande waya mmoja. Waya ziende kwenye yale matundu ya gramafoni nyuma ya redio kubwa ya betri. Zungushia nailoni, halafu mshikie Baba kooni, chini ya taya. Hakitampiga. Umeme wake hauwezi hata kuamsha sisimizi.

Kisha mwambie aseme.

Nina hasira na wewe, na nakupenda, vyote viwili. Usinifiche tena.

Kidole


Tarehe 11 Juni

Mwanangu Kidole,

Wote wanakusalimu, nitawataja mwishoni nikikumbuka, leo mkono una haraka.

Bakuli la kwanza Shangazi yako alilimwaga. Alilikuta, akasema nani kaacha maji ya kufulia humu, akaloweka nalo mashuka. Nilipiga ukelele mtaa wote wakatoka. Nilipomweleza ni la nini alikaa chini sakafuni, akasema, "Wifi, si ungeniambia? Mimi ni mtu wa kunyimwa habari ya ndugu yangu?" Ndipo tukaanza kuongea tena. Bahati nilikuwa nimebakiza nusu ya unga, kwa woga wangu wa kuharibu.

La pili nililiweka karakanani, kwa sababu ndiko kuna ubaridi, kwenye rafu mbele ya baba yako. Nikamwambia, "Baba Kidole, mwanao katutuma kazi, usilitikise." Nikaona macho yanalifuata bakuli. Siku nyingine nikaingia kulifunua nitazame, akanyoosha mkono wa kushoto akanigonga kiganja, pa! Nikabaki nimesimama nimeshika mkono wangu kama mtoto. Kumbe niliinamisha bakuli.

Jiwe liliota, mwanangu. Safi kama barafu, lina pembe kama limekatwa na mkasi. Sikutegemea kitu kizuri namna ile kutoka kwenye magadi. Mdogo wako alibandika karatasi upande mmoja, mimi upande mwingine. Tulipounga waya na kuwasha redio, nikalipiga jiwe kwa ncha ya kijiko. TA! Redio ikagutuka na paka akapita juu ya kichwa cha Shangazi. Nikalipiga tena, nikacheka, nikalipiga tena. Kijiko, jiwe, waya, na sauti inajaza chumba. Nikaelewa kwa nini baba yako alipoteza ujana wake humu.

Nikalivika nailoni, nikamshikia chini ya taya. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na redio inautangaza wote, krr krr krr. Shangazi akasema, "Shika vizuri basi, au nishike mimi!" Nikamwambia baba yako, sema kitu, sema lolote. Midomo ikatembea. Kwenye redio kukatoka sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Nitoe."

Nikasema, "Nini, Baba Kidole?"

"Nitoe humu."

Nikadhani anataka choo. Akavuta pumzi, jasho limemtoka, akasema neno moja moja: "Giza, peke yangu, nitoe. Kila siku nakwambia."

Kidole, kila siku alikuwa ananiambia. Zile hhh, hhh nilizokuwa namjibu "ndiyo, Baba Kidole" na kugeuka, alikuwa ananiomba nimtoe. Na mimi kila asubuhi nikimwogesha na kumvalisha lile koti na kumrudisha palepale, mbele ya redio asizoweza kuzishika, nikijua nampa raha. Mkono wake wa kazi uko mapajani, na mimi namkalisha siku nzima autazame.

Nikamwuliza, "Unataka kukaa wapi?" Akasema, "Kwako. Penye cherehani." Shangazi yako akaanza kulia na kusema kwa pamoja, kumbe miezi yote, kumbe yumo, ndugu yangu kumbe yumo, mdogo wako naye, Fundi Viatu kaingia na kiatu cha mtu mkononi. Redio ikasema:

"Kelele."

Fundi Viatu akasema, "Nusu mwaka tunangoja neno, kaja kutugombeza!" Na upande mmoja wa mdomo wa baba yako ukapanda. Nimeuona mwenyewe. Amecheka.

Nikamwuliza habari ya fundi saa na chumba. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hapana. Akasema, "Pangisha." Shangazi akanitazama, sikumpa nafasi ya kusema.

Sasa anakaa karibu na dirisha, hatua moja kutoka kwenye cherehani yangu. Hatulitumii jiwe kila mara kwa sababu ya mvua, nimelitafutia kopo na mchele mkavu na nimemwonyesha Shangazi kopo lenyewe. Lakini sasa nikimwinamia sikio mdomoni nasikia mengi bila redio. Sikuwa nainama, mwanangu. Nilikuwa nasimama, nikimhurumia kutoka juu. Jana alinikalia kimya asubuhi nzima, halafu akaniashiria niiname, akasema gauni la mteja nimelivalisha mikono kinyume. Nikatazama, kweli. Nimefumua yote huku namtukana kimoyomoyo kwa furaha.

Amenituma kwako. Anasema upande mmoja karatasi ya fedha imekunjamana, ndiyo maana sauti inakwaruza, na aliyeubandika hajui kazi. Ni upande wangu. Anasema pia umefanya vizuri, lakini hilo nililazimika kuliinamia mara mbili.

Baba yako anasema maliza kwanza mpaka Julai, ndipo uje. Mimi nasema panda gari kesho. Hili ndilo la kwanza kubishana naye tangu Januari, na sitaki limalizike haraka, ila wewe ndiye utakayetuamulia. Mtu wa posta anapita hapa saa nne, na baba yako anaanza kutazama barabara tangu chai ya asubuhi. Andika upesi, mwanangu, uandike jina lake juu ya bahasha.

Mama yako